Mstari Mmoja wa Ruhusa

Kabla Riziki hajaajiriwa, nywila ya ile seva ilikuwa imebandikwa ukutani. Mtu aliiandika kwa wino mwekundu kwenye kipande cha boksi, akakigandisha juu ya swichi ya taa, na kila aliyeingia katika ofisi ile ya Ufukoni, mjini Mtwara, awe dereva au fundi feni, aliweza kuisoma.

Ofisi ilikuwa ya mradi mdogo wa tahadhari ya mafuriko kwenye bonde la Ruvuma. Ilikuwa na vyumba viwili, kompyuta tatu, na ndani ya kabati la chuma seva moja iliyoendeshwa kwa Linux. Vipimo viwili vilivyofungwa mtoni vilituma kimo cha maji kila baada ya dakika kumi. Maji yakizidi, ilibidi mtu aendeshe programu ya king'ora. Ikishaanza, ving'ora vitano vilivyosimikwa juu ya milingoti vililia katika kijiji cha Namkutwa, karibu na mahali mto unapoingia baharini, na ujumbe wa simu uliwafikia watu mia sita na arobaini wenye mashamba bondeni.

Programu hiyo ilimtii mtumiaji mmoja tu, yule ambaye kwenye Linux huitwa ruti. Ruti hakatazwi chochote. Anaweza kuliza king'ora, na kwa uwezo uleule anaweza kufuta kila kitu na mashine isimuulize mara mbili. Siku moja karani wa ofisi, akitafuta nafasi ya kuweka filamu zake, aliingia kama ruti akafuta vipimo vya mto vya miaka miwili. Hakuwa na nia mbaya. Alilia mbele ya wenzake, akaomba radhi, lakini vipimo havikurudi.

Ndipo mradi ukamwajiri Erasto. Alikuwa mtu wa Njombe, mwembamba, aliyefunga vifungo vya shati hadi kooni hata kwenye joto la Mtwara. Siku ya kwanza alikibandua kile kipande cha boksi, akakichana vipande vidogo, akabadilisha nywila. Akafunga pia njia ile ya kuiwasha seva upya na kuingia bila nywila. Kisha akamfungulia kila mfanyakazi akaunti yake.

"Kila mtu ana jina lake na chumba chake," aliwaambia. "Chumba cha mwenzako huingii. Cha ruti naingia mimi peke yangu."

Riziki alikuja miezi sita baadaye, msichana wa miaka ishirini na sita mwenye stashahada ya kompyuta. Alizaliwa Namkutwa, akalelewa Ziwani kwa mama yake, lakini moyo wake ulibaki bondeni kwa mjomba wake, Hashimu, na mkewe Hadija. Mjomba Hashimu alikuwa na mikorosho juu ya kilima na shamba la mpunga chini, kama wengi wa Namkutwa. Ndiye pia aliyekuwa mtu wa kujitolea wa mradi kijijini, mwenye kipaza sauti cha mkononi. Riziki alipopata kazi ya kukaa zamu ya mchana na kuangalia vipimo, mjomba alimpigia simu akicheka.

"Liziki," alisema, kwa kuwa ulimi wake wa Kimakonde haukuwahi kuikubali ile herufi ya kwanza, "sasa mto wetu una mlinzi wa nyumbani."

Mwanzoni mwa masika ya kwanza, Erasto alikwenda kung'oa jino. Alipokuwa kwa daktari mto ukapanda ghafla kwa nusu mita. Riziki aliona namba zikibadilika, akapiga simu, simu ikaita tu. Kwa dakika arobaini alikaa mbele ya kioo akiwa amefunga mikono, kama mtu anayetazama chungu kikifurika wakati mekoni kumefungwa. Kisha maji yakashuka yenyewe. Hakuna aliyedhurika, na Erasto aliporudi na pamba mdomoni hakukuwa na la kufanya.

Riziki hakuliacha.

"Bwana Erasto, mimi nimewekwa hapa niuangalie mto."

"Ndiyo."

"Nikiuona umejaa, nifanye nini?"

"Unaniita."

"Na usipopatikana?"

Erasto alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Swali hilo ninalo tangu siku ya kwanza," alisema. "Nywila ya ruti siwezi kukupa, dada Riziki. Si kwamba sikuamini. Yule karani naye aliaminiwa. Ukiwa ruti, kidole kikiteleza mara moja tu, mfumo wote umekwenda. Lakini kuna njia ya katikati, na nimeichelewesha bila sababu."

Akavuta kiti, akamwonyesha. Kwenye Linux kuna programu iitwayo sudo. Kazi yake ni kumwazima mtumiaji wa kawaida uwezo wa ruti kwa shughuli moja, kisha kuuchukua tena. Inasoma orodha: nani, na shughuli gani. Lisiloandikwa kwenye orodha linakataliwa. Na kila linalofanyika, au linalojaribiwa, huandikwa pamoja na jina la mtu na saa.

Erasto akaandika mstari mmoja kwenye orodha ile. Maana yake ilikuwa hivi: Riziki, akiwa kwenye mashine hii, anaruhusiwa kuendesha programu ya king'ora kwa uwezo wa ruti, hiyo tu na si nyingine.

"Sasa jifanye mwizi," akasema. "Ingia, halafu uniibie."

Riziki alicheka, lakini aliketi. Aliendesha programu ya king'ora, nayo ikafungua ukurasa wa kuandika ujumbe wa kutuma kwa wanakijiji. Alikumbuka jambo alilojifunza chuoni: ukurasa ule ulikuwa wa programu ya kawaida ya kuandikia, na programu ile huweza kufungua faili jingine lolote. Alipiga herufi chache. Faili linalotunza nywila za watumiaji wote likafunguka mbele yake.

"Bwana Erasto. Njoo uone."

Erasto alisimama nyuma yake, akasoma. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, akacheka kwa sauti. "Nimekupa mlango wa mbele, kumbe chumbani kuna mlango wa uani!"

Iliwachukua wiki mbili kuuziba. Erasto aliuondoa ukurasa wa kuandika. Badala yake zikawekwa jumbe tatu zilizoandikwa tayari: moja ya kuwa macho, ya pili ya kujiandaa, ya tatu ya kuhama mara moja. Programu ikawa inapokea namba moja, mbili au tatu. Ukiiandikia kingine chochote inakataa na kujifunga. Faili lake na folda yake vikawa mali ya ruti, ili mtu asije akaweka programu bandia yenye jina lilelile. Kila jioni kabla ya kutoka Riziki alijaribu kuiba, na kila alipofanikiwa Erasto alishukuru, akaziba tundu. Siku ya kumi na nne alijaribu kutwa nzima, akashindwa.

Walifanya jaribio Alhamisi mchana, baada ya kijiji kutangaziwa. Riziki aliandika amri kwa jina lake mwenyewe, akaweka namba moja. Mjomba Hashimu alikuwa kwenye simu.

"Vinalia! Liziki, vinalia vyote vitano! Mbuzi wa watu wamekata kamba!"

Nyuma yake ilisikika sauti ya Hadija, mkaza mjomba, akimwambia ampe simu. "Mwanangu," alisema Hadija, "hiki kitu kinasikika mpaka kwenye dungu langu kule mwisho. Sasa nitalinda ndege zangu kwa amani."

Baada ya jaribio hilo kijiji kizima kiliambiwa: king'ora kikilia, hameni. Na kisipolia, msikubali kukurupushwa na maneno ya mtu, maana mwaka uliopita uvumi uliwatoa watu bondeni, nyani wakala mpunga.

Mwezi wa kumi na moja wakaja wakaguzi wa usalama wa mitandao. Walikaa siku mbili. Fomu yao ilikuwa na maswali sitini, na swali la kumi na saba liliuliza kama kuna mtumiaji wa kawaida mwenye uwezo wa ruti. Jibu lilikuwa ndiyo au hapana. Hapakuwa na nafasi ya kuandika "kwa programu moja tu". Wakaandika ndiyo, wakaweka alama nyekundu.

Msimamizi wa mradi, Helena, aliwaita Erasto na Riziki ofisini kwake. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa na taarifa mezani na macho yaliyochoka.

"Uondoeni huo mstari," alisema.

"Madam, mstari huu ndio unaotulinda," alisema Erasto. "Bila huo, programu inanitegemea mimi peke yangu. Mimi naumwa, nasafiri, nalala."

"Nimekuelewa. Lakini kamati ya makao makuu ndiyo inayotoa ruhusa za namna hiyo. Andika ombi. Wakikubali kwa maandishi, mtaurudisha."

"Basi nywila tuiweke kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, ndani ya droo yako. Siku ya dharura Riziki aifungue mbele yako."

"Mwongozo unakataza nywila kuandikwa popote. Umeusaini mwenyewe, Erasto."

Aliusaini kweli. Ule mwongozo ulitokana na kile kipande cha boksi.

Walirudi chumbani kwao. Erasto aliketi mbele ya seva, akaifungua orodha, mkono ukasita juu ya vibonye.

"Uache," alisema Riziki kwa sauti ya chini. "Nani atajua? Wakaguzi wameshaondoka."

"Nitajua mimi, na wewe. Nikiacha mlango wa siri kwa ajili ya jambo jema, kesho nitamkatalia nani mwenye jambo lake jema?" Akaufuta mstari, akahifadhi. "Ni kwa muda. Ombi nalipeleka leo."

Alilipeleka siku ileile. Januari kamati haikukaa kwa kuwa wajumbe hawakutimia. Februari ombi lilirudishwa lijazwe kwenye fomu mpya. Machi, Erasto aliandika barua ya tatu, na safari hii akajibiwa: afike Dar es Salaam katikati ya Aprili, aieleze kamati yeye mwenyewe.

"Nitawaonyesha zile siku kumi na nne," alimwambia Riziki, akipanga karatasi ndani ya begi. "Mtu akiona jinsi ulivyoiba na jinsi tulivyoziba, hawezi kukataa."

Aliondoka na basi alfajiri ya Jumatano. Mvua ilikuwa imenyesha siku tano mfululizo, kusini kote.

Saa nne na dakika ishirini asubuhi ileile, kipimo cha juu, kilomita arobaini kutoka Namkutwa, kilisoma mita tatu na nusu. Dakika kumi kabla kilikuwa kimesoma mita mbili na robo. Riziki alidhani kimeharibika. Alikilinganisha na betri yake, na mvua, na kipimo cha chini ambacho bado kilikuwa kimetulia. Hakikuwa kimeharibika. Kwenye jedwali la ukutani maji ya kimo kile yalichukua muda wa saa nne hivi kufika Namkutwa. Ilikuwa wakati wa mpunga kukomaa, na watu walikuwa bondeni tangu asubuhi, juu ya madungu yao ya nguzo, wakifukuza ndege.

Alimpigia Erasto. Hakupatikana. Akapiga tena. Hakujua kwamba barabara ilikuwa imekatika huko kaskazini ya Lindi, na kwamba basi lilikuwa limesimama kati ya mito miwili mahali pasipo mtandao.

Alimpigia Helena, aliyekuwa Dodoma kwenye kikao. Simu ilikatwa, ukaja ujumbe: Niko kikaoni, andika. Riziki aliandika. Aliandika tena kwa herufi kubwa.

Kisha akaketi mbele ya seva na kuandika amri ya king'ora, namba tatu, kama alivyofanya siku ya jaribio. Mashine ilimjibu papo hapo: Riziki hayumo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Tukio hili litaripotiwa.

Aliandika mara ya pili. Ikajibu vilevile. Mara ya tatu alipiga vibonye polepole, herufi moja moja, kama kwamba kosa lilikuwa la tahajia.

Alifikiri kuizima mashine na kuiwasha upya. Njia hiyo Erasto aliifunga siku yake ya kwanza. Alifikiri kuchomoa modemu, kifaa kilichotuma zile jumbe za simu, na kuzituma kwa kompyuta yake. Laini ya modemu ilidai namba ya siri, nayo ilihifadhiwa kwenye faili la ruti. Orodha ya zile simu mia sita na arobaini nayo ilikuwa ya ruti, kwa ajili ya kulinda faragha za watu. Kila tundu alilolijua lilikuwa limezibwa, na mengine ni yeye mwenyewe aliyeyafichua.

Alimpigia mjomba.

"Mjomba, uko wapi?"

"Niko mbali, mwanangu, huku Nanyamba. Tumetoka kuzika sasa hivi."

"Mto unakuja. Mkubwa. Saa nane utakuwa Namkutwa."

"King'ola?"

"Siwezi kukiliza. Mkaza mjomba yuko wapi?"

"Bondeni. Na simu huiacha nyumbani, isilowe." Hakuuliza zaidi. Riziki alisikia akimwita mwenye pikipiki.

Alimpigia mtendaji wa kijiji.

"Taarifa ya mfumo mbona haijaja?" mtendaji aliuliza.

"Mfumo umefungwa. Nakuambia mimi, nimekiona kipimo."

"Dada, nyie wenyewe mlikuja hapa mkatuambia kama si king'ora tusiamini maneno. Nikiwatoa watu, nyani wakala mpunga, nitawajibu nini?"

"Waambie Riziki wa Hashimu amekudanganya. Waambie wanifuate mimi."

Mtendaji akasema atatuma watu. Alituma kweli, vijana wanne. Lakini bonde lile ni refu, njia zake zilikuwa tope hadi magotini, na mtu anayepiga kelele kwenye mvua hasikiki mbali.

Alipiga redio ya mjini. Walimsikiliza kwa upole, wakamwomba barua au sauti ya msimamizi. Alipiga polisi, wakaandika jina lake, wakasema watawasiliana na wahusika. Saa saba Helena akajibu ujumbe. Bila shaka alikuwa ametoka kwa chakula cha mchana. Aliandika: Mpigie Erasto akupe utaratibu.

Kipimo cha chini kikaanza kupanda saa saba na robo.

Saa nane kasoro dakika kumi simu iliita kwa namba ngeni. Alikuwa Erasto, akihema. Alikuwa ametembea kilomita kadhaa, akavushwa kwa mtumbwi pale barabara ilipokatika, akaazima simu ya abiria mwenzake baada ya kusikia watu wakizungumzia mito.

"Ruvuma ikoje?"

Riziki alimsomea namba.

"Andika," alisema Erasto.

Akamtajia nywila ya ruti, herufi baada ya herufi, mbele ya watu asiowajua, kwa sauti kubwa ili ishinde mvua. Riziki aliiandika. Mashine ilifunguka bila neno. Akaweka namba tatu.

Ving'ora vitatu kati ya vitano vilijibu. Jumbe mia sita na arobaini zikaanza kutoka, na mia na zaidi kati yake hazikufika. Riziki aliinua simu yake nyingine kumpigia mjomba. Pikipiki ilikuwa imekwama kwenye tope kilomita nyingi kabla ya kijiji, na mzee alikuwa amekimbia na kutembea, akakimbia tena. Alikuwa amefika ukingoni mwa kilima muda huohuo.

"Liziki," alisema. "Vinalia."

"Ndiyo, mjomba."

"Vinalia juu ya maji."

Kupitia simu alisikia mlio ule, mrefu, na chini yake sauti za watu. Mjomba hakukata simu. Alikuwa ameisahau mkononi, na Riziki alimsikia akiita jina la mkewe hadi chaji ilipokwisha.

Walikufa watu kumi na mmoja. Wale vijana wanne waliwatoa watu wengi upande wa karibu. Upande wa mbali hawakuufikia. Dungu la Hadija lilionekana limesimama mpaka alasiri, yeye juu yake pamoja na mama mwingine, kisha nguzo moja ikaachia. Alipatikana siku ya tatu kwenye mikoko, karibu na bahari. Riziki alikuwepo mazishini, nyuma kabisa pamoja na wanawake. Hakuna aliyemwambia neno baya. Mama mmoja alimpa maji ya kunywa.

Baada ya wiki tatu likaja jopo la watu watatu kutoka makao makuu. Walimwita Riziki ndani, wakampa karatasi iliyochapwa kutoka kwenye kumbukumbu za seva.

"Saa nne na dakika thelathini na nne," alisoma mmoja wao, "ulijaribu kuendesha programu usiyoruhusiwa. Ulijua huna ruhusa?"

"Nilijua."

"Ukajaribu mara tatu."

"Ndiyo."

"Kwa nini, kama ulijua?"

"Watu walikuwa bondeni," alisema Riziki.

Yule bwana akaandika. Kisha akauliza kuhusu nywila iliyotamkwa kwa simu ya mtu baki, mahali pa hadhara. Riziki akaeleza. Hakuna aliyempandishia sauti. Mmoja wao alikuwa na majonzi usoni, akamuuliza kama amepata mtu wa kuzungumza naye kuhusu msiba.

Taarifa ilitoka mwezi wa saba. Ilisema mwongozo ulikiukwa mara mbili: Riziki alijaribu kutumia uwezo asiopewa, na Erasto alifichua nywila. Mikataba yao wote wawili haikuendelezwa. Helena alihamishwa. Ombi la mstari mmoja lilitajwa kwenye ukurasa wa mwisho: kwa kuwa mwombaji hakufika mbele ya kamati, limefungwa.

Riziki alikwenda kumuaga Erasto. Alimkuta kwenye nyumba aliyopanga, akifunga godoro kwa kamba. Shati lake lilikuwa wazi vifungo viwili.

"Ningeuacha ule mstari," alisema, bila kusalimia. "Ulinionya. Nani angejua?"

Riziki alishika ncha ya pili ya kamba. Alitaka kumwambia kwamba hata angeuacha, wakaguzi wangerudi. Kwamba alifanya alichokiamini. Maneno hayo yote yalikuwa ya kweli, na hakuona ni lipi lingemsaidia. Alivuta kamba, Erasto akafunga fundo, wakainua godoro pamoja na kulitoa nje.

Baada ya hapo alikaa kwa mama yake Ziwani. Alipata kibarua cha kuchapa fomu katika duka la vifaa vya ofisi. Hakuwahi tena kuigusa mashine ya Linux.

Mjomba Hashimu alikuja mara moja tu, mwezi wa kumi, wakati korosho zinaanza kudondoka. Alikuwa amekonda. Alikataa chai. Aliketi kwenye mkeka barazani, akasema, "Nieleze. Sijawahi kuelezwa. Nieleze yote, na usinifiche."

Riziki alimweleza yote, tangu karani na filamu zake: sudo, mstari, wakaguzi, swali la kumi na saba, kamati, barabara. Alitumia maneno mepesi. Mzee alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na mara mbili alimsimamisha ili arudie.

"Wewe uliyaona maji saa ngapi?"

"Saa nne na dakika ishirini."

"Na yalifika saa nane."

"Saa nane kasoro."

"Kutoka saa nne hadi saa nane," alisema mjomba, "Hadija angepanda kilima, akapika, akala, akalala kidogo. Huyo bwana Elasto alikukataza?"

"Hapana. Alitaka niweze."

"Na huyo mama mkubwa wa ofisi?"

"Alisema tuombe ruhusa."

"Na hao wa kamati, walikataa?"

"Hawakukataa. Hawakukaa."

Mjomba aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayehakikisha hesabu ya siku. "Mimi nilikuja kutafuta mtu wa kumkasilikia," alisema. "Nilidhani yupo."

Adhana ya alasiri ikaanza msikitini. Mzee akajiinua kwa kushika nguzo ya baraza, akauliza maji ya kutawadha yako wapi, na Riziki akaenda kumtekea.